Kubana Mfupa Laini wa Taya kwa Osteotomu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Anayepandikiza Meno

Nyuma ya taya la juu, pale yalipokuwa magego, ndipo kupandikiza meno kunapotia wasiwasi zaidi. Drili inazama bila kukutana na upinzani. Kipandikizi, yaani skrubu inayochukua nafasi ya mzizi wa jino, kinazungushwa kwa vidole tu, kinafika mwisho wa tundu, na hakikazi. Picha ilionyesha kuwa mfupa upo, na kweli upo, ila ni ganda jembamba, na ndani yake vijiti vichache vya mfupa vilivyotawanyika kwenye uboho wenye mafuta. Ukipitisha mfululizo wote wa drili kama unavyofanya taya la chini, kila drili inatoka na sehemu ya mfupa ambao tangu hapo ulikuwa haba.

Osteotomu zilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo. Ni vyuma vya mviringo vya kushika mkononi, vinavyoongezeka unene kidogo kidogo. Havikati wala havitoi kitu; vinausukuma mfupa pembeni na kuubana kwenye kuta za tundu, ili kipandikizi kikutane na ukuta mzito kuliko ule wa awali. Aliyeieleza mbinu hii kwa utaratibu ni Robert Summers wa Marekani, mwaka 1994, na seti nyingi za leo bado zinafuata mpangilio wake.

Shika jambo moja kabla ya yote: osteotomu haitengenezi mfupa, inakusanya uliopo. Pasipo na cha kukusanya haina msaada, na ukiubana mfupa kupita uwezo wake unauvunja. Matatizo mengi nitakayoyataja huko mbele yanatokana na daktari kutaka chuma kimpe kitu ambacho taya halina.

Mwongozo huu ni wa madaktari wa meno waliokwisha kufundishwa upasuaji wa vipandikizi. Kama hujawahi kushika osteotomu, anzia kwenye taya la mfano, kisha kwa mgonjwa ukiwa na msimamizi pembeni.

Kwanza, jiridhishe kuwa mfupa unahitaji kubanwa

Watafiti Lekholm na Zarb waliigawa mifupa ya taya katika aina nne mwaka 1985, kuanzia ile iliyo karibu yote ganda gumu hadi ile yenye ganda jembamba na sifongo dhaifu. Misch, mtaalamu wa vipandikizi wa Marekani, naye akaja na madaraja ya D1 hadi D4, akaeleza kila daraja kwa namna mkono unavyohisi wakati wa kutoboa: D1 ni kama mti wa mwaloni, D2 msonobari, D3 mti mwepesi wa balsa, D4 povu gumu la plastiki. Wanafunzi hucheka wakisikia mara ya kwanza, lakini wakishatoboa wanakubali.

Kwa kipimo cha CT, D3 huangukia kati ya vizio 350 na 850 vya Hounsfield (kipimo cha uzito wa mfupa kwenye picha), na D4 kati ya 150 na 350. Hapa pana mtego. Mashine za CBCT, yaani CT ndogo za kliniki za meno, ambazo wengi wetu tunatumia hazitoi vizio halisi vya Hounsfield. Rangi ya kijivu inabadilika kati ya mashine na mashine, na hata ndani ya picha moja. Namba hizo zikupe dokezo tu. Hukumu itolewe na drili ya kwanza.

Osteotomu ya kubana inafaa D3 na D4, na hiyo karibu yote ni taya la juu, hasa nyuma ya chonge. D1 na D2 usiziguse kwa nyundo. Hazina nafasi tupu za kusukumia mfupa, kwa hiyo nguvu yote inaishia kwenye ufa. Taya la chini pia liache: ganda lake ni nene, na kwa kuwa linaning'inia kwenye viungio, kila pigo linaviumiza.

Kisha pima nafasi. Baada ya kipandikizi kukaa unataka mfupa usiopungua milimita 1.5 upande wa shavu na kiasi hicho hicho upande wa kaakaa, milimita 1.5 kutoka jino la jirani. Na milimita 3 kati ya kipandikizi kimoja na kingine. Ukingo wa taya ukiwa mwembamba chini ya milimita 3, au ukiwa na maganda mawili yaliyogusana bila sifongo katikati, kuubana hakutasaidia. Hapo unahitaji kuongeza mfupa, na hiyo ni kazi nyingine. Pima pia urefu hadi sakafu ya sinasi, yaani uwazi wa hewa ulio juu ya magego, uandike namba hiyo mahali utakapoiona ukiwa na glavu mkononi.

Maswali ya mgonjwa yasipitishwe kwa kuweka alama ya vema kwenye fomu. Amewahi kupata kizunguzungu cha chumba kuzunguka? Amefanyiwa upasuaji wa sikio? Shingo inamsumbua? Anachomwa sindano za kuimarisha mifupa, yaani bisifosfoneti au denosumabu? Taya limewahi kupigwa mionzi? Kisukari chake kimetulia? Anavuta sigara? Ana mafua ya sinasi sasa hivi? Maswali mawili ya kwanza ndiyo yanayosahaulika zaidi, na utaona sababu yake mbele.

Vifaa vya mezani

Osteotomu huanzia unene wa milimita 2 hivi na kupanda kwa hatua ndogo hadi unakaribia unene wa kipandikizi. Ubavuni zina mistari ya kina, mara nyingi 8, 10, 11.5, 13 na 15. Nyingine zimenyooka, nyingine zina shingo iliyopinda. Zilizopinda zinakuwezesha kufika kwenye magego bila kumtanua mgonjwa mdomo hadi aume, ila nguvu ya nyundo haishuki moja kwa moja kwenye ncha, kwa hiyo chuma hupenda kuegemea upande. Ukiweza kufika kwa iliyonyooka, tumia iliyonyooka.

Angalia ncha kabla ya kuagiza seti. Iliyobonyea katikati ina ukingo unaokwangua mfupa na kuusogeza mbele yake. Hiyo ni ya kuinua sakafu ya sinasi. Iliyochongoka kidogo na kutuna nje inapenya na kusukuma pembeni. Hiyo ndiyo ya kubana na kutanua. Seti nyingi zina zote mbili, na kuzichanganya ni rahisi kwa sababu kwa mbali zinafanana.

Vipo pia vitanuzi vya skrubu. Hivi havigongwi, vinazungushwa kwa spana ndogo ya mkono, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kwa mgonjwa mwenye historia ya kizunguzungu ndivyo ningechukua, na kwenye ukingo mwembamba vinakupa udhibiti ambao nyundo haina. Kasoro yake ni kwamba skrubu hufuata upande dhaifu, na upande dhaifu karibu siku zote ni wa shavu.

Vingine: nyundo nyepesi ya upasuaji, drili ya duara, drili ya kwanza ya milimita 2, pini za mwelekeo, kipima kina, spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, na kama unacho, kifaa cha kupima uthabiti kwa mtetemo. Kila ncha ipitishe kwenye mwanga kabla ya siku ya kazi. Yenye pengo au ukingo uliopinda itakwaruza badala ya kubana. Iliyofutika mistari itupwe tu, kwa maana kukisia kina karibu na sinasi ni kuchezea bahati.

Hatua ya 1: Zungumza na mgonjwa kuhusu nyundo

Hakuna kinachomtisha mtu aliyepigwa ganzi na yuko macho kama pigo la nyundo asilolitarajia. Mweleze mapema, kwa maneno mepesi: "Mama, sehemu yenyewe hutasikia maumivu. Utahisi kugongwa na kichwa kitatetemeka, mara chache, kisha tunapumzika. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto." Kisha gonga vipini viwili nje ya mdomo asikie mlio. Sekunde hizo chache zitakuokolea dakika nyingi za kumtuliza baadaye.

Hatua ya 2: Kichwa

Kiti kisilazwe hadi kichwa kining'inie nyuma. Kichwa kiegemezwe vizuri, shingo isipinde, na msaidizi aweke kiganja kwenye paji la uso kila nyundo inapofanya kazi. Kichwa kilichotupwa nyuma pamoja na mitetemo ndiyo hali inayosumbua sikio la ndani.

Hatua ya 3: Ganzi na kufungua ufizi

Ganzi ya kuzungushia shavuni na kaakaani kwa kawaida inatosha. Fungua ufizi hadi uone ukuta wa upande wa shavu, usiridhike na kuona kilele cha ukingo peke yake. Wapo wanaopenda kupitia tundu dogo bila kufungua, na kwa mfupa mpana haina ubaya, lakini unapobana unahitaji kuona ukuta ule. Ufa huanza kama mstari mwembamba wa damu, na ufizi ukiwa umefunika hutauona.

Hatua ya 4: Drili ya kwanza, na pengine ya mwisho

Weka alama kwa drili ya duara, kisha toboa kwa drili ya milimita 2 kwa kasi ndogo na maji ya chumvi ya kutosha. Mfupa ukifikia nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja unaanza kuharibika. Hilo linajulikana tangu 1983 na halijabadilika. Fika kina ulichopanga, ila kama juu kuna sinasi, simama milimita 1 hadi 2 kabla ya sakafu yake.

Sasa sikiliza mkono. Kama drili ilipambana tangu juu hadi chini, acha osteotomu na endelea na drili zako. Kama ilipambana na ganda la juu kisha ikazama, uko kwenye D3. Kama ganda lenyewe lilipita karibu bila kuhisiwa, ni D4, na kuanzia hapa drili nyingine yoyote itoke mezani. Kwenye D3 baadhi hupitisha drili moja zaidi kwenye ganda peke yake ili osteotomu iingie bila kulipasua, na naona ni busara.

Ingiza pini ya mwelekeo, itazame kwa mbele na kwa pembeni. Kosa la mwelekeo lirekebishwe hapa. Osteotomu hufuata tundu lililotangulia, na kila unene unaoongeza unalifanya kosa kuwa gumu zaidi kusahihisha.

Hatua ya 5: Osteotomu ya kwanza iingie kwa mkono

Iweke kwenye tundu, shika kipini kwa kiganja, na sukuma ukizungusha kidogo kushoto na kulia. Kwenye D4 halisi inaweza kwenda nusu ya kina bila nyundo. Iache iende, nyundo iingie mkono ukichoka kusonga. Kidole gumba cha mkono wa pili kikae kwenye ukuta wa upande wa shavu muda wote, kuanzia sasa hadi kipandikizi kimeingia. Kidole hicho kitahisi ukuta ukituna kabla jicho halijaona chochote.

Hatua ya 6: Kugonga na kungoja

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo inayofanywa vibaya.

Gonga kwa kifundo cha mkono, si kwa kiwiko. Mapigo mawili au matatu mepesi, halafu tazama mstari wa kina. Chuma kisogee polepole, kama milimita moja hivi kwa pigo au chini ya hapo. Kikiruka milimita tatu kwa pigo moja, ama unapiga kwa nguvu mno au mfupa hauna kitu, na yote mawili ni sababu ya kusimama. Kisiposogea kabisa, usiongeze nguvu. Kitoe, rudi kwenye unene uliopita, au pitisha drili inayolingana na unene huo kwa mkono hadi pale palipokwama.

Sikiliza mlio pia. Mapigo ya kwanza kwenye mfupa laini yana sauti butu. Jinsi vijiti vinavyobanana pembeni, sauti inapanda na kuwa kavu. Wakati huo utaona matone ya damu na mafuta ya uboho yakichuruzika kuzunguka shingo ya chuma. Yanakamuliwa kutoka kwenye nafasi ambazo mfupa sasa unazijaza. Ukiona hivyo ujue kuna kinachobanwa.

Halafu ngoja. Ukifika kina, acha osteotomu ndani ya tundu nusu dakika hadi dakika nzima, mikono ikiwa imetulia. Mfupa hai una mnyumbuko wa polepole: ukisukumwa ghafla unavunjika, ukipewa muda unalegea na kukubali umbo jipya. Wanaolalamika kuwa osteotomu inapasua ukuta mara nyingi ukiwatazama wakifanya kazi utagundua hawangoji hata sekunde tano. Tumia muda huo kumsemesha mgonjwa, au hesabu kimya kimya.

Kukitoa, zungusha polepole ukivuta kwa mstari ule ule ulioingilia. Usikitikise mbele na nyuma kama unayeng'oa msumari, maana utalipanua tundu mdomoni mwake, sehemu ambayo kipandikizi kinaitegemea kuliko zote.

Usimwagie maji ndani ya tundu kati ya osteotomu moja na nyingine. Vumbi la mfupa lililobaki humo ni mali. Osteotomu inayofuata italibana ukutani.

Hatua ya 7: Kupanda unene

Rudia kwa inayofuata, bila kuruka hata moja. Ushawishi wa kuruka huja pale mbili za kwanza zilipoingia kwa urahisi, na ndipo ukuta unapopasuka. Kila unene ungoje zaidi ya uliotangulia, kwa sababu kila mara mfupa unaosukumwa ni mzito zaidi. Rudisha pini ya mwelekeo angalau mara moja katikati ya safari. Chuma kinapenda kuhamia shavuni, kwa vile upande wa kaakaa una ganda gumu linalokisukuma; egemeza kipini kidogo ili ncha ielekee kaakaani, na endelea kutazama.

Hatua ya 8: Kujua pa kuishia

Kwa kawaida ya mwisho huwa ndogo kuliko kipandikizi kwa nusu milimita hivi, lakini fuata jedwali la mtengenezaji wa kipandikizi chako kwa sababu maumbo yanatofautiana. Kipandikizi chenyewe, hasa kilichochongoka, kinamalizia kubana. Ukiona ukuta wa shavu umebadilika rangi na kuwa mweupe, au kidole gumba kimehisi unacheza, umeishia hapo, hata kama jedwali linasema bado moja. Chagua kipandikizi chembamba zaidi.

Hatua ya 9: Kipandikizi, na kisicheleweshwe

Mfupa uliobanwa hujaribu kurudi ulikotoka. Ukiacha tundu wazi huku ukitafuta boksi la kipandikizi, utakuta limepungua. Kipandikizi kiwe kimefunguliwa mezani kabla osteotomu ya mwisho haijatoka. Ingiza kwa kasi ndogo, na mizunguko ya mwisho ifanye kwa spana ya mkono ili uisikie.

Kupakia jino mapema, yaani kabla mfupa haujakishika kipandikizi, wengi wanataka nguvu ya kukaza ya angalau Ncm 35 (njutoni-sentimita). Kwenye D4 ukipata 20 na kipandikizi hakichezi, kizike chini ya ufizi na ushukuru. Usipigie namba magoti. Mfupa unashika kipandikizi kisichosogea. Msogeo unaozidi kama mikromita 150 ndio unaozaa tishu laini badala ya mfupa, na hilo ndilo la kuogopa. Kwa upande mwingine, ukijikuta na 60 kwenye mfupa uliouita laini, umebana kupita kiasi. Rudisha kipandikizi nyuma mizunguko miwili, ngoja, kisha kirudishe.

Kipima mtetemo kinatoa namba ya ISQ, yaani kipimo cha uthabiti wa kipandikizi, kati ya 1 na 100. Chini ya 60 ni uthabiti mdogo, 60 hadi 69 wa kati, 70 na kuendelea ni mzuri. Pima kutoka pande mbili zilizokingamana, uandike zote, na uamue kwa ile ya chini.

Kama juu kuna sinasi

Mpaka hapa tumebana pembeni. Kama urefu wa mfupa chini ya sinasi ni milimita 5 au 6 na unahitaji zaidi, osteotomu zile zile zinaweza kuinua sakafu. Bana hadi ubakize milimita 1 hadi 2 chini ya sakafu, chukua yenye ncha iliyobonyea, weka punje za mfupa ndani ya tundu kama unazitumia, kisha gonga kwa mapigo mafupi hadi usikie sakafu imekubali. Mlio unageuka ghafla na upinzani unapotea. Mtu akishausikia hausahau. Chuma chenyewe kisipite sakafu. Punje na umajimaji vinavyosukumwa mbele yake ndivyo vinavyonyanyua utando unaoifunika sakafu hiyo, ambao kwa mtu mwenye afya mara nyingi haufiki hata unene wa milimita moja. Kwa njia hii usitegemee kunyanyua zaidi ya milimita 3 au 4. Ukihitaji zaidi, pitia dirisha la pembeni ambako unaona unachofanya.

Kujua kama utando umetoboka, mbane mgonjwa pua kwa upole na umwambie apulizie puani huku ukitazama tundu. Mapovu yakitoka, umetoboka. Tundu dogo linaweza kufunikwa kwa utando wa kolajeni. Kubwa, funga ufizi na usubiri. Usiweke punje juu ya utando uliochanika.

Yanapoharibika

Ukuta wa shavu ukipata ufa lakini haujasogea, na kipandikizi kimekaza, rudisha ufizi bila kuuondoa kwenye mfupa zaidi ya ulipofika na uongeze punje na utando juu yake. Ukuta ukikatika ukacheza, toa kipandikizi. Najua inauma, hasa mgonjwa akiwa amelipia na kusubiri, lakini kipandikizi kinachotegemea kipande kinachoelea hakina mwisho mwema.

Kizunguzungu nacho kina maelezo yake. Ndani ya sikio kuna punje ndogo za kalsiamu kabonati zinazotusaidia kujua kichwa kimeelekea wapi. Mitetemo ya nyundo inaweza kuzing'oa zikaangukia kwenye mfereji wa mzunguko. Kesho yake mgonjwa anageuka kitandani na dari linazunguka kwa nusu dakika, kisha linatulia, na akigeuka tena linaanza upya. Wagonjwa wenye umri mkubwa ndio wanaoathirika zaidi. Anapokupigia simu usimwambie ni uchovu au presha. Mpeleke kwa daktari wa masikio, ambaye mara nyingi atazirudisha punje mahali pake kwa mzunguko wa kichwa unaoitwa wa Epley, na kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Mgonjwa aliyeonywa mapema atakuja kwako na swali. Asiyeonywa atakuja na malalamiko. Na mwisho wa upasuaji wowote uliotumia nyundo, usimwinue mtu ghafla. Kiti kipande polepole, akae dakika chache kabla ya kusimama.

Kubana kupita kiasi ndiko kugumu kutambua, kwa sababu siku ile kila kitu kinaonekana kizuri. Vijiti vilivyovunjika hulazimika kuliwa na mwili kabla mfupa mpya haujawekwa, na katika wiki ya tatu na ya nne uthabiti wa kipandikizi chochote hushuka. Ulichobana mno kinashuka zaidi. Matokeo ya majaribio kwa wanyama yamegongana: sungura wameonyesha mfupa mwingi zaidi ukigusa kipandikizi baada ya osteotomu, ilhali nguruwe wadogo wameonyesha uthabiti uliopungua kwa sababu ya nyufa za ndani. Mimi nayasoma hivi: mbinu inanunua ukazaji wa siku ya kwanza, na bei yake hulipwa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo usikipakie kipandikizi jino mapema kwa kuwa tu spana ilisoma vizuri.

Utasikia pia drili zinazozungushwa kinyume ili zibane badala ya kukata, wazo lililoletwa na Salah Huwais. Zinafanya kazi bila nyundo, na ukiwa nazo huna haja ya kulazimisha osteotomu kwa mgonjwa mwenye matatizo ya sikio. Ila zinahitaji maji mengi, mwendo wa kupandisha na kushusha usiokoma, na mkono uliofundishwa. Anayejua kubana kwa mkono huzielewa haraka. Wa kinyume chake huhangaika.

Baada ya kufunga ufizi

Barafu ya vipindi siku ya kwanza, dawa za maumivu, kusukutua kwa klorheksidini kuanzia kesho yake, na chakula laini upande wa pili. Kama uligusa sakafu ya sinasi, asipenge mafua kwa nguvu kwa wiki mbili, na akitaka kupiga chafya afungue mdomo. Meno ya bandia ya kuvaa yasikandamize eneo hilo. Yakwangue kwa ndani au asiyavae kabisa kwa siku za mwanzo.

Vifaa vioshwe mara moja, damu isikaukie kwenye ncha iliyobonyea. Brashi laini, mashine ya mawimbi ya sauti, kukausha, kisha mvuke wa nyuzi joto 134. Zipangwe kwenye kasha kwa mfuatano wa unene, maana msaidizi anayetafuta namba katikati ya kazi ndiye anayekufanya uruke hatua.

Taya la juu lenye mfupa laini liache miezi sita kama walivyofanya waanzilishi, au angalau minne kama ISQ ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Siku ya kufungua, pima tena kwa pande zile zile mbili na ulinganishe na ulichoandika. Namba ikiwa imepanda, endelea na jino. Ikiwa imebaki chini ya 60 lakini kipandikizi hakisogei na hakiumi, funika tena, mpe miezi miwili. Kipandikizi kikizunguka chini ya spana na mgonjwa akaruka kwa maumivu, kitoe siku hiyo hiyo, safisha tundu, na uache mfupa upone kabla hujazungumzia kipandikizi kingine.